Kitovu cha Mfarishi

Nimekutana na wajinga wa kila namna katika umri wangu, lakini sijaona waliojivuna kama wanawake wa baraza ya shangazi yangu pale Ngamiani. Barua walisomewa. Meli iliyotia nanga bandarini hawakujua inatoka wapi. Malori ya mkonge yalipita mbele yao kutwa, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kuuliza mkonge ule unakwenda kufanywa nini. Lakini uwaulize habari ya vitambaa! Hapo kila mmoja alikuwa kadhi.

Walikuwa watano, na kazi yao ilikuwa kushona mifarishi. Nawaeleza vijana wa leo wanaojifunika blanketi za dukani: mfarishi ni tandiko la vipande vya nguo vilivyoungwa, tabaka mbili, katikati limetiwa sufi au makanga yaliyochakaa, kisha likapigwa bandi kwa mkono kutoka pembe hadi pembe. Vipande walivipata kwa mafundi cherehani, au walivikata kwenye nguo zao wenyewe zilizochoka. Msichana wa mtaa wetu hakuwa akiolewa bila mfarishi. Angeweza kukosa kitanda, lakini mfarishi lazima.

Kila mmoja alikuwa na akiba yake ya vipande. Mke wa fundi cherehani aliiweka ndani ya debe la mafuta ya taa, ndiyo maana mifarishi yake ilinuka kibatari. Mwanamke mmoja aliyeolewa mjini kutoka Moa alitia vipande vyake ndani ya foronya akavilalia, eti wezi wasivione, kana kwamba kuna mwizi atakayevunja mlango wa watu kwa ajili ya makombo ya fundi. Shangazi yangu, aliyekuwa mkubwa wao, alikuwa na kasha la mninga lenye misumari ya shaba, na ufunguo wake aliufunga kwenye pindo la kanga yake. "Akiba haiozi," walikuwa wakiambiana. Ilikuwa inaoza. Mende walikuwa wanazaana humo kwa vizazi.

Rangi ambazo hazikukosekana katika akiba zao zilikuwa nne, na kuzitaja tu kunanikera mpaka leo. Ya kwanza kaniki, ile nguo ya buluu iliyokaribia weusi. Waliipenda kwa sababu haionyeshi uchafu, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza waliyoitafuta katika kitu cha kulalia. Mfarishi ukifuliwa mara moja tu, kaniki ilitoka rangi, na bibi harusi akaamka ana shingo ya buluu. Ya pili bendera, ile nyekundu ya pamba iliyouzwa kila duka, waliyoiona ni alama ya furaha. Ya tatu manjano, waliyoitia wenyewe kwa bizari ya jikoni, ikapauka kabla ya fungate kwisha. Ya nne merikani, ile pamba ghafi isiyotiwa rangi.

Kuhusu merikani nitasema kidogo, kwa sababu hapo ndipo akili zao zilipoonekana wazi. Nyeupe haikuruhusiwa katika mfarishi, kwa kuwa sanda ni nyeupe. Kijani nacho hakikuruhusiwa, kwa kuwa jeneza hufunikwa kijani. Basi ukiwauliza merikani ni rangi gani, walikujibu bila haya kwamba si nyeupe, ni rangi ya maziwa. Ukiwauliza maziwa yana rangi gani, unaambiwa huna adabu.

Walikuwa na namna zao za kujaribu nguo. Uzi waliuchoma wakaunusa, wakafumba macho kama wanaonusa udi, kisha mmoja akatamka: "Hariri." Siku moja niliwapa uzi nilioufumua kwenye gunia la mchele. Mwanamke wa Moa aliunusa sana, akasema ni hariri ya Maskati, ya zamani, siku hizi haiji tena. Nilicheka moyoni kwa wiki nzima.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu wa Raskazone, mke wa bwana wa ofisi fulani, aliyekuja mara mbili kutufundisha kuunga vipande. Kwenye kikapu alikuwa na vitambaa vya maua madogo madogo, buluu ya maji na waridi iliyopauka, rangi za mtoto mchanga mgonjwa. Alituambia kwamba nyeusi na nyekundu zikikaa pamoja zinaumiza macho. Wale watano wakaitikia "Naam, memsahibu," wakampa kahawa, na alipoondoka wakagombania vitambaa vyake mpaka mmoja akachomwa sindano. Vyote viliingia katika akiba zao, na hakuna kilichotoka. Nilimdharau yule bibi kwa kuja kumfundisha samaki kuogelea, nikawadharau wao kwa kumwitikia.

Lakini hayo yote ningeyasahau kama si kitovu.

Katikati ya kila mfarishi palikuwa na kipande kimoja kikubwa kuliko vingine, na hicho ndicho walichokiita kitovu. Kitovu hakikutoka katika akiba ya baraza. Kilitoka kasha la mama wa bibi harusi, kwenye nguo aliyowahi kuivaa yeye mwenyewe. Mama alikileta kimekunjwa, akakiweka katikati ya mkeka, na wale wanawake wakaanza kuunga vipande vyao kukizunguka. Nilikaa pembeni ya baraza ile tangu utoto wangu nikiwatungia sindano uzi, nikaona akina mama wengi wakileta vitovu. Na kila nilipoona, niliwaza jambo moja: siku yangu ikifika, nani ataweka kitovu? Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu. Sikuwa na sura yake kichwani wala picha yake ukutani. Nilichokitaka ni kipande cha nguo yake, na sikutaka kingine.

Nilimuuliza shangazi mara nyingi. Jibu lake lilikuwa moja.

"Nguo za mamako zilikwenda na mwosha. Ndiyo desturi. Aliyemwosha maiti huchukua nguo za maiti."

"Zote, shangazi?"

"Zote. Na hata zingekuwepo, nguo ya maiti haiingii katika mfarishi wa bibi harusi. Unataka kujifupishia umri?"

Hii ilikuwa sheria yake kuu, kubwa kuliko ya kijani na nyeupe. Kabla hajapokea kipande cha mtu, aliuliza kama aliyekuwa akiivaa nguo ile yuko hai. Shekhe wa msikiti wetu aliposikia alisema dini haina neno kama hilo. Shangazi akasema shekhe hajui kushona.

Sasa nieleze ile komamanga. Katika kasha la shangazi kulikuwa na nguo moja iliyomjengea jina mtaa mzima. Ilikuwa kanga nyekundu iliyokolea kama punje za komamanga, na juu yake zimechapwa korosho nyeusi, na kila korosho ina vitone vya manjano. Aliyeichapa alikosea: vitone havikukaa ndani ya korosho, vilimwagikia nje, upande wa kushoto, kanga nzima. Kosa lile ndilo lililoifanya nguo ipendeze, maana ilionekana kama korosho zote zinapeperushwa na upepo mmoja. Haikuwa ikichuja. Iliwekwa sabuni, majivu, jua la Januari, ikabaki vilevile. Shangazi alisema ilinunuliwa Mombasa na jamaa yake, na kwamba duniani ilikuwa moja tu.

Kila mfarishi uliotoka baraza ile ulikuwa na ukanda wa komamanga kando ya kitovu, mwembamba kama vidole viwili. Akina mama walikuja kuuomba. Walileta halua, walileta kuku, walimvika shangazi vilemba vya ukoka mpaka shingo ikamwelemea. Yeye alijifanya kusita, akafungua kasha kwa dharau, akakata kipande, akasema: "Kwa kuwa ni wewe." Msichana wa kwanza aliyepata ukanda ule alijifungua pacha, basi ikawa komamanga ina baraka. Waliosahau kwamba msichana yule alikwisha kuwa na mimba walikuwa wengi, na sikuwakumbusha.

Mimi nilichumbiwa nikiwa na miaka kumi na saba, mwishoni mwishoni mwa miaka ile ya hamsini. Baba yangu, dereva wa lori aliyekuwa safarini siku nyingi kuliko alizokaa nyumbani, alipokea posa, akamwachia dada yake mengine yote. Wale watano wakatandika mkeka. Shangazi akafungua kasha, akapekua, akatoa kipande cha bendera, kipya, bado kina gundi ya dukani. Akakiweka katikati.

"Hiki ndicho kitovu chako," akasema. "Mimi ndiye mamako."

Alikuwa hajawahi kuivaa nguo ile. Sidhani alikuwa nayo zaidi ya wiki mbili. Nikamuuliza kama basi naweza kupata komamanga badala yake, kwa kuwa ni nguo yake ya zamani. Akajifuta uso.

"Komamanga imekwisha. Kipande cha mwisho kimekwenda kwa binti wa fundi."

Mke wa fundi akainamisha kichwa kama mtu aliyetajwa kwa sifa. Ukanda wa vidole viwili waligawa kwa mtaa mzima, na mimi niliyewatungia uzi miaka kumi nikapewa bendera. Nilijisikia kuudhika mpaka machozi yakanitoka, wakasema ni haya za bibi harusi.

Siku ya tatu yake akaja mwosha.

Mwosha alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayeishi peke yake karibu na njia ya makaburini. Alikuwa akiwaosha wanawake wote wa upande wetu. Kazi ile ina thawabu kubwa, kila mtu alisema hivyo, na kila mtu alimkimbia. Wanawake wa baraza hawakumpa mkono. Akinunua samaki, muuzaji alimwekea chini. Alipopita, mwanamke wa Moa alijitemea mate kifuani kumkinga mtoto aliyekuwa amempakata, hata siku ambazo hakumpakata mtoto. Akifa mtu ndani ya nyumba zao, walimwita mbio, wakamlilia, wakamwita dada. Arobaini ikipita hawamjui. Nami nilikuwa nimelelewa na hao.

Nilikuwa peke yangu nyumbani, mchana, nachambua mchele. Akabisha hodi. Nilipoona ni yeye sikusema karibu.

"Shikamoo," nikasema, nikabaki nimekaa.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia una shughuli. Nimekuletea kitu cha mfarishi wako."

Alikuwa ameshika furushi dogo, kanga iliyochakaa imefungwa fundo. Jua lilikuwa linampiga utosini, na kivuli cha baraza kilikuwa hatua moja tu mbele yake. Sikumwambia asogee.

"Ahsante, bibi," nikasema. "Lakini vipande vimekwisha kutimia. Shangazi hapokei tena."

Aliniangalia muda. Sidhani alikuwa na hasira, na ndiyo maana nakumbuka. "Haya," akasema. Akageuka. Alipogeuka, fundo la furushi lilikuwa limelegea, na pembe ya nguo ya ndani ikaning'inia nje. Nyekundu. Korosho moja nyeusi, na vitone vya manjano vimemwagikia kushoto.

Niliona waziwazi. Na sikumwita. Nilibaki na ungo mapajani, nikamwangalia mpaka akakata kona, kwa sababu kumwita mwosha kwa sauti barabarani, bibi harusi mtarajiwa, majirani wangesemaje? Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Nawacheka wale watano, lakini mafunzo yao yalinikaa barabara.

Siku mbili sikulala vizuri. Duniani ilikuwa moja tu, alisema shangazi. Lakini kanga haiuzwi moja. Kanga ni doti, vipande viwili, cha kujifunga na cha kujitanda, na mtu haendi dukani Mombasa akanunua kimoja. Mtoto mdogo analijua hilo. Mimi, niliyejifanya mwerevu kuliko baraza nzima, niliishi na komamanga miaka yote ile nisiulize mwenziwe yuko wapi.

Siku ya tatu nikavaa buibui, nikateremka mpaka nyumbani kwake. Kibanda chake kilikuwa kisafi kuliko nyumba yetu. Akanitolea kigoda, akaniletea maji katika kikombe kipya ambacho nadhani hakikuwahi kunywewa na mgeni. Nikayanywa, kwa shida. Kisha akaleta furushi akalifungua magotini pangu.

Ilikuwa kanga nzima, haijakatwa hata uzi, imekunjwa mara nne, ina harufu ya karafuu.

"Mamako alikuwa amejifunga hii alipofariki," akasema. "Desturi ikanipa. Mwenziwe ilikuwa imekunjwa pale kitandani, upande wa mto. Shangazi yako akaichukua. Nilimwona, naye aliniona kwamba nimemwona."

"Mbona hukusema?"

"Nani angenisikiliza? Na yeye alikuwa akilia kweli. Alimpenda mamako. Lakini na nguo aliipenda."

Akaniambia baba ndiye aliyeinunua doti ile Mombasa, alipokuwa akiendesha lori njia ya Horohoro, na kwamba mama aliifurahia mpaka akawa anatoka nje bila sababu. Akaniambia mama alikuwa mfupi kama mimi, na kanga ile aliiburuza chini. Maneno yale mawili matatu ndiyo niliyowahi kuambiwa na mtu juu ya mama yangu ambayo hayakuwa dua. Nililia pale, wala sikuona haya.

"Miaka kumi na minne," nikasema. "Hukuivaa?"

"Nitaivaaje nguo ya mtoto? Nilijua utakua."

Nikamuuliza anataka nini. Alisema hataki kitu. Nikamshikilia, nikamwambia sichukui bure. Akatazama mikono yake, akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani:

"Siku ya harusi yako, basi. Nile nawe sinia moja. Nimealikwa harusi nyingi, mwanangu, huniletea sahani yangu mlangoni."

"Wallahi utakula na mimi," nikasema. "Mkono wako na wangu."

Nikaibeba kanga mpaka barazani. Wale watano walikuwa wamekaa, sindano mkononi, wameuzunguka ule mraba wa bendera kama kuku waliozunguka punje moja. Nikaitandaza komamanga juu yake, nzima, kutoka mwanzo wa mkeka mpaka mwisho. Mke wa fundi aliunyosha mkono kuigusa, kisha macho yake yakaenda kwa shangazi.

"Imetoka wapi?" akaniuliza mke wa fundi.

"Kwa mwosha," nikasema. "Ni ya mama yangu. Ndiyo aliyokuwa amejifunga alipokufa. Na hiyo mliyowagawia binti zenu ni mwenziwe."

Ninapotaka kujiburudisha, naikumbuka saa ile. Mwanamke wa Moa alipiga kelele, "Astaghfirullah!" akaanza kuhesabu kwa vidole binti zake waliolalia ukanda ule. Mwingine alisema ndiyo maana mkwewe ana pumu. Mke wa fundi akasema atakwenda leo hii kwa bintiye kuufumua, akasimama, akakaa, akasimama tena. Miaka yote walikuwa wakinusa nyuzi na kutambua hariri ya Maskati, na maiti aliyelala katikati ya mifarishi yao hawakumnusa.

Shangazi hakupiga kelele. Alikuwa ameshika pindo la komamanga, analipitisha baina ya vidole.

"Alinunua kaka yangu," akasema mwishoni. "Mali ya kaka yangu."

"Ulisema nguo ya maiti inafupisha umri."

"Nilisema."

"Basi kwa nini uliwapa watu?"

"Nilitaka waione," akasema. "Ilikuwa nzuri mno kukaa kashani, na kuivaa sikuweza. Ungeniuliza. Ungejua."

Hapo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, nilimwonea huruma kidogo. Haikudumu. Kabla ya alasiri wale watano walikuwa wameshapata njia ya kutokea. Mmoja alikumbuka kwamba binti wote walikuwa hai. Mwingine alikumbuka wale pacha. Mke wa fundi akasema maiti mwema ni baraka, hata wazee walisema, ingawa hakutaja wazee gani. Wakanyunyiza marashi, wakasoma Fatiha, wakaafikiana kwamba sheria ya nguo ya maiti inahusu maiti wabaya tu. Kufikia magharibi mwanamke wa Moa alikuwa anauliza, kwa sauti ya chini, kama kitabaki kipande.

Hakikubaki kwa ajili yake. Shangazi mwenyewe alikikata kitovu, kwa mkasi wake mzuri, akakishona kwa mishono midogo ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote, na macho yake yalikuwa mabovu wakati ule. Kilichobaki alinikunjia, akanirudishia bila kutazama. Waliopita njiani aliwaambia, "Tumemwekea mwanetu kitovu cha mamake," kama kwamba ni yeye aliyefikiri.

Harusi ikafika. Nilikuwa chumbani nimepambwa, pazia limesogezwa kidogo ili nipate hewa, na uani wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, sinia moja watu watano. Mchana kweupe, pilau inafuka. Nikamwona mwosha anaingia. Amevaa kanga mpya, amejitia wanja. Akaangalia huku na huku, akanitafuta, kisha kwa kuwa hakuitwa akaketi kwenye sinia iliyokuwa karibu, ile ya shangazi na wenziwe.

Mwanamke wa Moa akasema ameshiba, hajatia tonge mdomoni. Akaondoka. Mke wa fundi akakumbuka kitu jikoni. Wengine wawili wakafuata. Shangazi alibaki kitambo, nadhani alijitahidi, kisha naye akanyanyuka akijishika kiuno, akasema mgongo unamsumbua. Sinia ya watu watano ikabaki na mtu mmoja.

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Somo wangu, kungwi aliyenifunda, alikuwa pembeni akinipepea. Nilihitaji kusema neno moja: mwiteni. Bibi harusi hasemi, najua. Ameinamisha macho, amefungwa na haya. Lakini asubuhi ile ile nilikuwa nimesema nataka maji, na nikaletewa. Nilitazama kitanda, ambako mfarishi ulikuwa umetandikwa na kitovu chekundu katikati, watu wanaingia kukisifu. Nikafikiri mashemeji watasemaje. Nikafikiri, baadaye. Nikainamisha macho.

Yeye alikula. Hakuharakisha wala hakujificha. Alikula upande wake tu wa sinia, kama kwamba wale watano bado wapo na hataki kuwaingilia. Akanawa mikono, akaja mpaka kwenye pazia, hakuligusa.

"Nimekula, mwanangu," akasema. "Chakula kizuri. Mungu akupe kheri."

Akaenda zake. Alifariki nami nikiwa Pangani kwa mume wangu, na sijui nani alimwosha. Mwosha huoshwa, wanasema watu, lakini sikuuliza.

Mfarishi ninao. Kaniki imekuwa kijivu, bendera imekuwa rangi ya udongo, manjano hata alama haina. Kitovu kipo vilevile, korosho zinapeperuka kushoto. Wajukuu hunisikia nikiwasimanga wale wanawake watano, hasa shangazi, uroho wake, uongo wake, ufunguo wake kwenye pindo, nao hucheka. Sijawahi kuwaambia habari ya sinia. Shangazi yangu alimtenda mwosha kama alivyomtenda siku zote, hakuwa amemwahidi kitu. Aliyemwahidi ni mimi.